Nimecheka kama Mazuri: Utani wa Simu na Maradhi ya Moyo

Desemba moja nilikuwa nimelala chali katika chumba cha uani kwa mjomba, Bariadi mjini, saa nane za usiku, macho makavu. Nilikuwa nimerudi likizo na sapu 3 mkononi, na katika hizo ilikuwamo moja ambayo nikiikosa tena nadisko. Nikachukua simu, nikaandika kwenye stetasi: "Nimempigia usingizi. Nimeambiwa samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Asubuhi nikakuta watu wameshatazama. Wengi walileta vile vikatuni vya uso unaocheka mpaka machozi. Rafiki yangu mmoja wa darasani akaandika maneno matatu: "Nimecheka kama mazuri."

Msemo huo sisi vijana tunautumia kila siku bila kuufikiria. Lakini ebu tuutazame kwa jicho la mhakiki. "Kama mazuri" maana yake si mazuri. Anayecheka anakiri kwamba jambo analolichekea ni baya, anajua ni baya, na bado anacheka. Halafu anaendelea na shughuli zake. Je, hapo pana kosa? Na kama lipo, ni la nani: aliyetania, aliyecheka, au chombo chenyewe kilichowakutanisha?

Lengo la makala haya ni kueleza namna vijana tunavyotumia vichekesho vya mtandaoni kubebea maradhi ya moyo: sonona, hofu, kukosa usingizi, kujiona bure. Hoja yangu ni moja. Kichekesho cha simu kimerithi ulimi wa utani wetu wa jadi, lakini hakikurithi wajibu wake. Ndiyo sababu kinaweza kumfikisha mtu asubuhi salama, na pia kinaweza kumficha mgonjwa machoni pa watu 100 wanaomtazama.

Utani na sheria ya kujibu

Msomaji wa fasihi hahitaji kuambiwa kwamba utani ni sanaa. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu unaojitegemea, na malumbano ya watani ni mali ya utanzu huo. Wageni nao walikwisha uona mapema. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, na mwaka mmoja kabla yake Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alikwisha toa nadharia yake maarufu kuhusu mahusiano ya mizaha. Kwa maelezo yake, katika uhusiano wa namna hii mtu anaruhusiwa, na pengine anatakiwa, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike.

Kwetu utani uko wa namna nyingi. Upo wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo unaohusishwa na misafara ya karne ya 19 kati ya bara na pwani. Upo wa koo, upo wa mashemeji, na upo wa babu na bibi kwa wajukuu zao. Lakini pahala pa kuufahamu vizuri ni msibani. Mtani anafika, anaigiza mwendo na sauti ya marehemu, anajilaza njiani ili jeneza lisipite mpaka alipwe, anawauliza wafiwa kwa nini wanalia wakati mdeni wao kafa. Mgeni asiyejua anaweza kudhani huyu hana adabu. Kumbe mtani huyo huyo ndiye mara nyingi anashika jembe kaburini, anatumwa kuni na maji, na hasira ya wafiwa inamwishia yeye isiwaangukie wao kwa wao.

Kwa hiyo utani una pande 2. Kwanza kuna ulimi: kejeli, chumvi, uigizaji. Pili kuna wajibu: mtani yupo kwa mwili wake, na ana kazi ya kufanya. Ongeza na jambo la tatu ambalo wahakiki wengi hatulipi uzito, nalo ni jibu. Utani ni malumbano, na malumbano ni ya watu 2. Ukinitania nisijibu, umeharibika. Kunyamaza kwangu kwenyewe kunakuwa habari.

Fani ya kichekesho cha simu

Sasa tuje kwenye simu. Nitatumia mifano yangu mwenyewe, maana ndiyo ninayoijua ilikotoka. Mbali na ule wa usingizi, likizo hiyo niliandika na hii miwili:

"Kichwa changu kimeisha bando. Kinasubiri ofa ya usiku ndipo kianze kufikiri."

"Dishi langu limeyumba. Fundi yuko Gamboshi, anataka nauli. Nimemwambia si unao ungo wewe, panda uje."

Kwa upande wa fani, hivi si vitu vya kubeza. Mfano wa kwanza umechukua sauti ambayo kila Mtanzania mwenye simu ameisikia, ukaitia mahali pasipo pake. Wa pili unatumia sitiari ya bando, na chini yake kuna ukweli: mawazo mabaya huja usiku, wakati ambapo vifurushi ni rahisi na wenzako wamelala. Wa tatu ni mchezo wa maneno. "Dishi limeyumba" ni msemo wa mtaani wa kumwambia mtu kwamba akili haikai sawa. Dishi hilo hilo la televisheni huitwa pia ungo, na ungo ndicho chombo ambacho hadithi zetu zinasema mchawi husafiria.

Kuhusu Gamboshi, msomaji wa kutoka mbali nimfafanulie. Ni kijiji katika wilaya ya Bariadi, kilichojaa sifa nchi nzima kwamba ni makao makuu ya uchawi. Husimuliwa kwamba usiku kinageuka mji wenye magorofa na taa kama New York. Ukisema chuoni kwamba umetoka Bariadi, hata kabla hujakaa utaambiwa "jamani msimuudhi huyu". Vichekesho vya Gamboshi vimejaa kwenye simu, na sisi watu wa Simiyu tunavitunga wenyewe kwa wingi kuliko wengine. Kujitania kabla hujataniwa ni njia ya kuiondolea aibu makali yake.

Ukiviangalia vichekesho hivi, utaona karibu kila sifa ya fasihi simulizi. Fanani hana jina. Kichekesho kikishapita makundi 5 hakuna anayejua nani alikitunga. Kinabadilika kila kinapopita. Kina fomula zake za kuanzia, mathalani "Mimi saa nane usiku…", sawa na paukwa yetu. Kilichokosekana ni kimoja tu: fanani na hadhira hawaonani.

Maudhui: kinachosemwa na kinachofichwa

Je, kichekesho kinasaidia? Kwa uaminifu kabisa, ndiyo. Usiku ule nilipotunga ule wa usingizi, kwa dakika kama 10 hivi nilikuwa fundi anayetafuta neno zuri, wala sikuwa mtu wa sapu 3. Freud aliandika mwaka 1927 kwamba katika ucheshi nafsi hukataa kuumizwa na dunia, huigeuza dunia ikawa jambo dogo. Nilikiona hicho kwa macho yangu. Tena nilipata wenzangu. Watu 2 waliniandikia faragha wakasema na wao hawalali. Bila mzaha ule wasingesema kamwe, maana mwanamume wa Kisukuma kutamka "nina huzuni" mbele za watu ni kazi.

Lakini ucheshi si wa namna moja. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake huko Kanada walitoa kipimo kinachogawa ucheshi wa watu katika aina 4: wa kuunganisha watu, wa kujiinua moyo mwenyewe, wa kushambulia wengine, na wa kujidhalilisha ili wengine wacheke. Walichokuta ni kwamba aina ya mwisho huandamana na sonona, hofu na kujiona huna thamani, ilhali ile ya kujiinua moyo huandamana na hali njema. Hapo hawasemi kwamba mzaha unaleta ugonjwa. Wanasema vinaonekana pamoja, kama moshi na moto.

Nilipovirudia vichekesho vyangu baadaye kwa kipimo hicho, niliona mwelekeo. Mwanzoni mwa likizo nilikuwa naicheka hali: bando, umeme, usingizi. Kufikia wiki ya 3 nilikuwa najicheka mimi: kichwa changu, dishi langu, uzembe wangu, hasara niliyomtia mama. Shabaha ilikuwa imehama, na hakuna aliyeliona hilo, hata mimi. Kila kimoja kilisomwa peke yake na kufutika baada ya saa 24, kama zilivyo stetasi zote. Hadhira ya simu haisomi diwani, inasoma ubeti mmoja mmoja.

Kuna na mizaha inayofunga mlango kabisa. "Huyu apelekwe Mirembe" ni mmojawapo. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, ya tangu enzi za ukoloni, na kazi yake ni kutibu. Sisi jina lake tumeligeuza tusi la kuchekesha. Kijana anayelitumia tusi hilo mara 10 kwa siku, siku akiugua mwenyewe atakwenda vipi kutafuta tiba? Atakuwa ameshajihukumu kwa mdomo wake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tumevumbua njia mpya ya kuyaficha, nayo ni kuyatangaza kwa kicheko.

Bibi

Kabla ya Krismasi nilitumwa kijijini kumpelekea bibi sukari na sabuni. Bibi yangu, kama walivyo mabibi wa Usukumani, huniita mume wangu. Nilipofika tu akaanza.

"Mwadila, mume wangu. Mbona umekonda? Huko mjini una mke mwingine hajui kupika?"

Nikacheka, nikanyamaza. Usiku sikula. Akasema, "Wanaume wa zamani wakikataa chakula walikuwa wameshakula kwa jirani. Wewe jirani yako nani?" Nikatabasamu. Siku ya pili akanitania kuhusu suruali yangu, kuhusu usomi wangu usio na mshahara, kuhusu ndevu 3 za kidevuni. Kawaida yangu mimi na yeye tungeshatupiana maneno mpaka majirani waje. Safari hii sikuwa na la kumjibu.

Siku ya 3 asubuhi alikuja akaketi mlangoni, hakucheka.

"Nimekutania siku tatu hujanijibu. Mtani asiyejibu ni mgonjwa. Unaumwa nini?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na kundi la darasa lenye watu zaidi ya 80. Wote tulikuwa tukitaniana kutwa. Aliyeona ni bibi kizee asiye na simu ya kugusa, kwa sababu yeye alikuwa akisubiri jibu. Kwenye simu kutojibu hakuonekani. Mtu akinyamaza siku 3, nafasi yake inajazwa na kichekesho cha mwingine, na mazungumzo yanasonga.

Nikamwambia silali. Nikajaribu na kuutia mzaha: nikasema labda nimeshikwa na watu wa Gamboshi. Hapo akabadilika uso.

"Neno hilo usiliseme tena. Ukisema umerogwa, watu watatafuta aliyekuroga. Watamtazama nani humu ndani?"

Nilinyamaza, safari hii kwa aibu. Bibi ana macho mekundu. Ni macho ya moshi, ya miaka mingi ya kupikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kwa kuwa kuni kwetu ni adimu. Katika mkoa wa zamani wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, na katika Usukuma kwa jumla, vikongwe waliuawa kwa miongo kadhaa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yalichukuliwa kuwa ushahidi. Kijana akiugua akili bila maelezo, maelezo hutafutwa kwa bibi wa nyumba ya pili. Kichekesho changu cha ungo kwangu kilikuwa mchezo wa maneno. Kwa bibi kilikuwa mashitaka.

Huu nao ni uhakiki, na sikuupata darasani. Utani wa jadi unajua nani anamtania nani, na unawalinda wote 2. Kichekesho cha simu hakijui kitamfikia nani.

Muktadha

Mjomba alinipeleka hospitali. Muuguzi alipouliza najisikiaje nilikwama. Neno "sonona" nilikuwa nalo, nimelisoma, lakini halikutaka kutoka mdomoni mbele ya mjomba. Mwishowe nikafungua simu, nikamsomea vichekesho vyangu nilivyokuwa nimevihifadhi. Alicheka kwa kile cha bando. Kisha akauliza, "Hiki uliandika saa ngapi?" Nikamwambia saa tisa usiku. "Na hiki?" Saa kumi kasoro. Akaandika. Akauliza nimekuwa hivyo kwa siku ngapi, kama nakula, kama bado napenda vitu nilivyokuwa napenda, kama nimewahi kufikiria kufa. Hilo la mwisho nililijibu kwa kichwa, maana sauti ilikataa.

Sisi tumefundishwa kwamba kazi ya fasihi simulizi haikamiliki bila muktadha: nani, wapi, lini, mbele ya nani. Muuguzi yule hakusoma fasihi, na aliuliza muktadha kabla yetu sote. Alinieleza pia kipimo ambacho kila mwanafunzi angefaa akijue. Huzuni au kukosa hamu na mambo, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kujilaumu, au kufikiria kifo, si uvivu wala si utoto. Ni ugonjwa, na una tiba. Na hayo mawazo ya kifo, alisema, hayasubiri wiki 2. Yakija, unasema siku hiyo hiyo.

Nikamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, kwao Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Ana ulimi mkali. Ana mke, Sabina, ana rafiki, Manase, lakini yale mazito anayabeba peke yake, na mwisho anajiua. Mwaka wa kwanza niliandika insha juu yake, nikaeleza udhanaishi kurasa 6, nikapata alama nzuri. Katika kurasa zote 6 sikujiuliza hata mara moja kama mtu huyu anaumwa na kama kuna aliyemuuliza. Sisemi tuache kuhakiki falsafa tuwe madaktari. Nasema mhakiki anayesikia falsafa tu katika sauti ya mtu anayeumia hana tofauti na yule aliyeandika "nimecheka kama mazuri".

Hitimisho

Simlaumu rafiki yangu yule. Na mimi nilicheka vya wenzangu vivyo hivyo, vya wale 2 walioniandikia faragha, nikaendelea na yangu. Mmoja wao baadaye aliacha chuo, na hadi leo sijui vizuri kilichomsibu. Namba yake haipatikani kwa sasa, na hili silisemi kwa mzaha.

Wala sisemi vichekesho viachwe. Atakayewaambia vijana wasitaniane ameshindwa kabla hajaanza, na pia atakuwa amewanyang'anya wengi kamba pekee waliyoishika usiku huo. Ninachosema ni kwamba tuurudishie utani wajibu wake. Mtu akijicheka mwenyewe kila usiku saa nane, cheka, kisha piga simu mchana. Tazama shabaha ya mzaha wake inahamia wapi. Akinyamaza, hesabu siku. Na wewe unayetunga, chagua angalau mtu mmoja ambaye utamwambia yale yale bila kuchekesha.

Nilirudia mitihani yangu, sikudisko. Dawa nilitumia miezi kadhaa, na hospitali bado naenda kila nikienda likizo. Bibi sasa huazima simu ya kitochi ya jirani kila Jumapili. "Mume wangu, umekula nini?" Lazima nijibu, tena nijibu kwa kumtania: kwamba nimeoa binti anayejua kupika kuliko yeye, kwamba ugali wake ulikuwa unavunja meno. Nikijibu vizuri hucheka kidogo na kukata. Anasema vocha ni ya mwenyewe, na habari aliyokuwa akiitaka ameshaipata.